Soketi Ukutani

Fundi alikuja Jumanne, kabla ya gari.
Akatoboa ukuta wa banda letu hapa Al Khudh,
akafunga kisanduku chenye taa ya kijani
na chini yake soketi ya kawaida, "ya akiba."
Akauliza, "Bibie, gari liko wapi?"
Nikasema, "Linakuja."
Akanitazama kama mtu aliyekuta kitanda cha mtoto
nyumbani kwa mwali asiyeposwa.

Sasa ni mwezi wa saba linakuja.

Nililiona kwenye bango, njia ya kwenda Sib:
dogo, rangi ya maziwa yaliyodondoshewa zafarani,
na chini yake tarakimu: elfu nne na mia tisa.
Nikapunguza mwendo. Wa nyuma wakanipigia honi.
Elfu nne na mia tisa za riali
ni kitu ambacho mwalimu anaweza kukikalia na kukihesabu.
Si kama yale ya watu wa pwani ya Qurum,
yanayoinua milango kama tai anayetaka kuruka.
Hili ni zamu yangu ya upatu,
ni bangili mbili za mama, alizozivua kabla sijaomba,
ni masomo ya jioni kwa watoto wa Zahran
wanaojua kila kitu isipokuwa kugawanya.

Corolla yangu imeshajua.
Tangu nilipe arubuni imeingiwa na kisirani.
Kiyoyozi kinapumua kama mgonjwa wa homa,
na kwenye mlima wa Amerat
sindano ya joto hupanda haraka kuliko gari lenyewe.
Biju wa kituo cha mafuta haniulizi tena "kiasi gani?"
Hunitazama usoni, akajua ni tano au ni tatu.

Mama naye ana yake.
"Gari lisilo na sauti!
Paka watajuaje waondoke chini yake?"
Akanyamaza, akamenya chungwa.
"Na Nizwa, litakwenda likarudi?"
"Litakwenda, mama. Kurudi, mpaka lilale limechomekwa."
"Basi tutalala kwa Thuwaiba," akasema.
Miaka sita hatujalala kwa Thuwaiba,
na sababu sote tunaijua, hakuna anayeitaja.

Upatu ulikuja Shaabani,
noti zimefungwa kwa mpira wa nywele.
Ujumbe ukaja wiki hiyo hiyo:
Mteja mpendwa. Kwa sababu zilizo nje ya uwezo wetu.
Elfu tano na mia sita.
Na chini, kwa herufi za kuchekesha macho:
bado ni gari nafuu kuliko yote.

Nafuu.
Ndilo neno tunalolipeleka hospitali.
"Hajambo, amepata nafuu," tunasema,
na anayeuliza huridhika, hukata simu,
hataki kujua kama mgonjwa amesimama.
Mia saba. Nimezigawa kwa watoto wa Zahran,
nikapata miezi, na baki.

Sijaomba arubuni yangu irudi.
Sijalipa nyongeza.
Usiku natoka nje kutazama ile taa ya kijani
inavyoukodolea ukuta wa jirani, haina la kufanya.

Jana baada ya Isha, kijana wa mikate, Shafiqul,
alifika getini akisukuma baiskeli yake ya umeme.
Betri imekwisha, oda nne zimebaki, tena za Maabela.
Hakuomba. Aliiona tu ile soketi,
akaitazama kama nilivyolitazama bango.
"Ingia," nikamwambia.

Alikaa saa nzima kwenye ngazi.
Mama akamletea chai, akamuuliza nauli ya Dakka,
akashangaa, akamwongeza sukari.
Nikaandika daftarini: umeme, baisa ishirini.
Nikafuta.

Alipoondoka hakuacha hata mlio,
kokoto kidogo tu, kisha barabara tupu.
Chini ya Corolla paka alikuwa amelala,
hakutikisa hata sikio.

"Unaona?" mama akasema.
"Unaona nilivyokwambia?"